Maji, Jua na Upepo: Kupiga Picha za Mandhari ya Pwani

Pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, kuanzia Michamvi kupitia Bwejuu, Paje na Jambiani hadi Makunduchi, ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki zinazopigwa picha sana. Mchanga wake ni mweupe, maji yana rangi ya feruzi, na mbele yake umekingama mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi ya bahari kuu kabla hayajafika ufukweni. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kusimama hapo akapiga picha. Basi kwa nini nyingi kati ya picha hizo hutoka zimefifia, mchanga umekuwa wa kijivu na bahari haina rangi, ilhali nyingine chache huonyesha pwani kama ilivyo hasa?

Jibu halimo katika bei ya kamera. Limo katika mambo matatu ambayo mvuvi huyaangalia kila siku kabla ya kushua chombo: maji, jua na upepo. Mazungumzo haya yatayapitia mambo hayo moja baada ya jingine, kisha yatafika kwenye mikoko, kwa viumbe wa baharini, kwa watu wa pwani, na mwisho kwenye utunzaji wa kamera yenyewe.

Jambo la kwanza ni maji.

Katika pwani yetu bahari hujaa mara 2 na kupwa mara 2 katika muda wa karibu saa 25. Kutoka maji kujaa kabisa hadi kupwa kabisa hupita saa 6 na dakika kidogo, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50. Ufuo uliokuwa mtupu jana saa 3 asubuhi, leo utakuwa mtupu karibu na saa 4. Anayetaka kurudia picha ya jana hana budi kulihesabu hilo.

Kiasi cha maji nacho hubadilika. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa karibu na mstari mmoja, na mvutano wa jua huongezeka juu ya ule wa mwezi. Siku moja au mbili baadaye bamvua hufika kilele: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini huweza kukaribia mita 4 katika maeneo ya Unguja na Dar es Salaam. Mwezi ukiwa nusu, mivutano hiyo hupunguzana nguvu, yakaja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Wavuvi huhesabu mambo haya kwa mwezi wa Kiislamu: bamvua mwanzoni na katikati ya mwezi, maji mafu karibu na tarehe 8 na tarehe 23. Kwa hiyo mpiga picha mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani tayari ana sehemu kubwa ya ratiba yake. Saa kamili atazipata kwenye majedwali ya maji ya mamlaka za bandari, au kwa kumuuliza mvuvi yeyote dikoni.

Je, haya yana maana gani kwa picha? Chukua mfano wa jabali la Pingwe, kule Michamvi, lile lenye mkahawa mdogo juu yake. Maji yakipwa, watu huliendea kwa miguu, na picha huonyesha jabali lililosimama juu ya mchanga na majani ya bahari, sehemu yake ya chini imeliwa na mawimbi. Maji yakijaa, jabali hilohilo huwa kisiwa na watu huvushwa kwa mashua. Ni mahali pamoja, lakini ni picha mbili zisizofanana hata kidogo. Hakuna kamera inayoweza kugeuza moja ikawa nyingine. Ni saa tu.

Upo pia utaratibu ambao wageni wengi hawaujui. Katika siku za bamvua, maji ya Unguja hupwa kabisa karibu na saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa kabisa karibu na saa 10 au 11, alfajiri na jioni. Ndiyo maana wakulima wa mwani na wachokoaji wa pweza wa Paje na Jambiani huonekana mbali kabisa kwenye maji mafupi asubuhi jua likiwa limeshapanda. Katika siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hupwa karibu na mapambazuko na karibu na machweo, ingawa hayaendi mbali. Je, anayetaka kupata ufuo mpana, wenye vidimbwi na michirizi ya mchanga, na wakati huohuo apate mwanga laini wa asubuhi, afanye nini? Asisubiri kilele cha bamvua. Aende siku 3 hadi 5 kabla yake, maji yanapopwa kati ya saa 1 na saa 2 na nusu asubuhi, jua likiwa bado chini.

Kabla ya kuyaacha maji, lipo neno la usalama. Bahari ikianza kurudi haiji kwa kasi moja. Saa ya kwanza huongezeka kidogo. Katika saa mbili za katikati huingia karibu nusu ya maji yote. Tena hayamjii mtu usoni. Hupita kwanza kwenye vijito na mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yake, na aliyesimama kwenye fungu akitazama kupitia lenzi hushtuka ufuo umekwisha kutengwa naye. Mpiga picha anayekwenda mbali ajue saa ya maji kugeuka, na aanze kurudi saa hiyo inapofika.

Jambo la pili ni jua.

Pwani ya mashariki hulipokea jua likitoka baharini, karibu na saa 12 asubuhi au baada yake kidogo. Pwani ya magharibi, kama vile Forodhani katika Mji Mkongwe au Kendwa kule kaskazini, huliona likizama baharini. Michamvi ina bahati ya pekee: ni rasi nyembamba, upande mmoja umeelekea bahari kuu, na upande wa pili, pale Kae, umeelekea Ghuba ya Chwaka. Hapo mtu anaweza kupiga picha ya jua likichomoza majini na likizama majini siku hiyohiyo, bila kusafiri mbali.

Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na karibu na Ikweta jua hupanda na kushuka karibu wima. Matokeo yake ni kwamba mapambazuko na magharibi hapa ni mafupi: tangu mwanga wa kwanza unaotosha kupigia picha hadi jua kuchomoza ni takriban dakika 20. Anayefika ufukweni jua likiwa limeshatoka, sehemu nzuri ya rangi za mawingu imempita. Inafaa afike mapema, achague mahali, ajue ngalawa ipi itakaa wapi kwenye picha, kisha asubiri. Na jua likishazama asiondoke haraka, kwa kuwa mawingu ya juu huendelea kupata mwanga kwa muda baada ya ufuo kuingia giza.

Je, mchana jua linapokuwa utosini, kamera irudi mkobani? Wengi hushauri hivyo, na kwa picha za nyuso za watu ushauri huo ni sahihi, kwa sababu vivuli huangukia machoni. Lakini kwa rangi ya bahari, mchana ndio wakati wake. Mwanga unaoshuka wima hupenya majini, hugonga mchanga mweupe wa chini, na kurudi juu. Maji nayo humeza wekundu wa mwanga na kuacha buluu na kijani. Hapo ndipo feruzi inapotokea. Penye majani ya bahari huonekana doa jeusi. Penye kilindi, buluu nzito. Asubuhi na jioni mwanga hulala, sehemu kubwa huruka juu ya uso wa maji, na rangi hizo hupotea. Jua hupita utosini kabisa Unguja mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na katika majira hayo, siku ya anga safi, picha ya maji ya kina kifupi kati ya saa 5 na saa 8 mchana huwa na rangi zilizokolea kweli.

Kinachoharibu picha za mchana ni mng'aro juu ya maji. Dawa yake ni filta ya polaroidi, ambayo huzungushwa mbele ya lenzi hadi mng'aro upungue na mchanga wa chini uonekane. Asiye na filta anaweza kushika miwani ya jua ya polaroidi mbele ya lenzi ya simu, akaizungusha taratibu. Hufanya kazi ileile.

Tatizo jingine ni la mchanga wenyewe. Mchanga huu mweupe umetokana na matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa, na hurudisha mwanga mwingi. Kamera imeundwa kudhani kwamba kitu cha kawaida kina mwangaza wa wastani, basi ikiuona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikapunguza. Ndiyo sababu mchanga wa Paje hutoka wa kijivu. Suluhisho ni kuiongezea picha mwangaza kidogo: kwa simu nyingi, kugusa kioo penye mchanga na kuvuta alama ya jua kwenda juu. Jua likiwa mbele ya kamera hufanywa kinyume: hupimwa mwangaza wa anga, na ngalawa au mnazi huachwa uwe mweusi.

Jambo la tatu ni upepo.

Mwaka wa pwani huenda kwa pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia karibu na Aprili hadi Septemba, ikiwa na nguvu zaidi Juni, Julai na Agosti. Kati yake kuna maleleji, kipindi cha upepo kubadilika, ambacho wengine hukiita tanga mbili. Mpiga picha anayetaka mawimbi yakipasuka mwambani, mawingu yanayokimbia na matanga yaliyojaa upepo, aende pwani ya mashariki wakati wa kusi. Anayetaka maji yaliyotulia, yanayoonyesha sura ya wingu juu yake, achague maleleji, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua za vuli hazijashika, na atoke asubuhi na mapema upepo ukiwa haujaamka.

Masika nayo isidharauliwe. Machi hadi Mei mawingu hujengeka juu ya bahari kwa ukubwa usioonekana wakati mwingine, na mvua ikikatika vumbi huwa limesafishwa, mbali kukaonekana waziwazi. Tatizo la majira ya mvua ni mito. Mto Sabaki wa Kenya humwaga tope baharini kaskazini mwa Malindi, na upepo wa kaskazi unapolisukuma tope hilo kusini, maji ya ghuba ya Malindi hugeuka kahawia. Mto Pangani na Mto Rufiji nao hubadilisha rangi ya bahari penye midomo yao. Anayetafuta maji maangavu wakati huo huenda mbali na mito.

Kwa hiyo, msikilizaji, kurudia kwa ufupi: maji huamua umbo la ufuo, jua huamua rangi, na upepo huamua kama bahari itakuwa imetulia au imechafuka. Mpiga picha anayeyajua haya matatu huja mahali panapofaa katika saa inayofaa.

Akishafika, ndipo huja suala la kupanga picha. Bahari tupu na anga tupu ni picha isiyo na pa kushika jicho. Huhitaji kitu cha karibu: nanga iliyolala mchangani, mstari wa vigingi vya mwani, mzizi wa mkoko, ngalawa iliyoegama. Kule Watamu, Kenya, katika eneo ambalo pamoja na Malindi lilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1968, vipo visiwa vidogo vya mawe ya matumbawe vilivyoliwa chini na mawimbi vikabaki vipana juu na vyembamba chini. Kisiwa kimoja cha aina hiyo kikiwekwa pembeni mwa picha hutosha kuipa bahari ukubwa wake. Upeo wa macho nao lazima ulale sawa. Bahari iliyoinama upande mmoja huharibu picha ambayo kila kitu kingine ni kizuri. Anga likiwa na mawingu mazuri, upeo huwekwa chini. Ufuo ukiwa na mengi, upeo hupandishwa juu.

Sasa mikoko.

Watu wengi huipita wakielekea ufukweni, na hilo ni kosa la kupoteza nusu ya uzuri wa pwani. Katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, Unguja, imejengwa njia ya mbao juu ya matope inayompeleka mgeni katikati ya msitu wa mikoko. Mida, karibu na Watamu, nako kuna njia kama hiyo. Miti yenyewe haifanani. Mkoko hujulikana kwa mizizi inayotoka shinani na kujipinda kama matao hadi matopeni. Mchu husukuma juu mamia ya vijizizi vyembamba vilivyosimama wima, ambavyo mti huvitumia kupata hewa, kwa kuwa tope halina hewa ya kutosha. Mkomafi una matunda makubwa ya mviringo. Maji yakijaa, picha ni ya miti na vivuli vyake majini; yakipwa, picha ni ya mizizi.

Maji yakipwa hutoka pia kaa wadogo wa matopeni. Dume ana gando moja kubwa, pengine jeupe au la rangi ya chungwa, ambalo hulipunga juu na chini kuita jike na kuonya madume wengine. Mtu akikaribia tu, wote huingia mashimoni. Mpiga picha aketi chini, kamera iwe karibu na usawa wa tope, kivuli chake kisiangukie mashimo, na atulie. Baada ya dakika chache hutokea jicho moja, kisha la pili, kisha kaa mzima, na gando huanza tena kupungwa. Kaa akipigwa picha kutoka juu huonekana kidoa tu. Akipigwa kutoka usawa wake, mwili mzima huonekana, macho yake yamesimama juu ya vijiti.

Viumbe wengine wanahitaji uangalifu zaidi, na hapa pana haja ya kusema kwa mkazo. Kiti cha pweza, yaani nyota ya bahari, ni kiumbe hai. Hupumua majini kupitia ngozi na miguu yake midogo ya chini. Kukitoa majini na kukipanga mchangani ili kipendeze pichani ni kukiumiza, na mara nyingi ni kukiua. Je, kuna haja gani, wakati maji ya kupwa yamekwisha kupungua hadi vifundoni na kiumbe anaonekana vizuri hapohapo alipo? Vivyo hivyo matumbawe: yanayokanyagwa huvunjika, na huota polepole mno. Kasa anayepanda ufukweni usiku kutaga asimulikwe wala asipigwe flashi, kwa sababu mwanga humtisha akarudi baharini bila kutaga, na huwapoteza vifaranga njia. Pomboo wa Kizimkazi wasizungukwe na mashua. Na papa potwe wa kisiwa cha Mafia, ambao huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Februari, huogelewa nao kwa mbali, bila kuguswa na bila flashi.

Chini ya maji wekundu hupotea kwanza. Kufikia kina cha mita 5 umefifia sana, na kufikia mita 10 karibu haupo. Asiye na taa maalumu abaki kwenye kina kifupi na amkaribie anachokipiga, kwani kila hatua ya maji kati yake na samaki hula rangi.

Watu wa pwani nao si sehemu ya mapambo. Kilimo cha mwani kilipoanza kwa biashara Unguja mwaka 1989, kiliwapa wanawake wengi wa Paje, Jambiani na vijiji jirani kipato chao wenyewe, na mistari ya vigingi vyao majini imekuwa moja ya picha zinazotafutwa sana. Mama aliyeinama kwenye shamba lake la mwani yuko kazini. Asalimiwe kwanza, shikamoo ipewe anayestahili, ruhusa iombwe, na akikataa iwe basi. Anayetaka kurusha droni ajue pia kwamba Tanzania na Kenya zote zinahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hifadhi za bahari zina taratibu zake.

Mwisho ni kamera yenyewe. Adui zake pwani ni watatu: chumvi, mchanga na unyevu. Chumvi ya marasharasha ya mawimbi hufutwa kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa vizuri, kisha kikavu. Kufuta chumvi kavu moja kwa moja hukwaruza kioo. Lenzi isibadilishwe ufukweni penye upepo. Na kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi ikitolewa nje ghafla hupata ukungu kwenye kioo. Iachwe ndani ya mkoba uliofungwa kwa muda wa nusu saa ili ipate joto polepole.

Hayo ndiyo ya kuzingatia. Maji yajulikane saa zake, jua lijulikane upande wake, upepo ujulikane msimu wake. Mikoko itembelewe maji yakijaa na yakipwa. Viumbe waachwe mahali pao. Watu waombwe ruhusa. Na kamera ifutwe chumvi kila jioni. Aliye na simu ya kawaida na akayashika haya atapata picha bora kuliko mwenye kamera ya gharama kubwa aliyefika saa isiyofaa.